Gratin ya Kumuonjesha Mama Delphine

12 Januari

Kama ningalialikwa arusi ya Kana, leo hakuna mutu angekumbuka ile divai. Padri angesimama altareni na kusoma: "Kisha Hervé wa Likasi akafunua sufuria, na wageni wote wakanyamaza." Sisemi hivi kwa kujisifu. Ninasema kwa sababu ni kweli, na juu wengine wote wananionea wivu.

Mimi ni chef. Masomo niliyaacha darasa la pili la sekondari. Hesabu ndiyo ilinikosea, mimi sikuikosea kitu. Baadaye nilitumika miezi mitatu jikoni kwa masista kule Kapolowe. Mama anasema nilikuwa ninaosha sufuria. Kweli niliosha sufuria, lakini kwa macho ya chef. Pale ndipo niliona gratin: maharagi yaliyoiva na mboga kwa tabaka, juu yake mchuzi mweupe wa unga na maziwa, juu kabisa mukate mukavu uliosagwa, halafu vyote vinaingia ndani ya tanuri mpaka ganda la juu linapata rangi ya kikombe cha misa.

Hapa nyumbani tanuri haiko, na umeme unakuja kama mugeni asiyependa kukaa. Lakini akili iko. Ninachukua sufuria kubwa, ninatia mchanga chini, ninaweka sinia ndani, ninafunika. Chini ninaweka mbabula, jiko letu la bati, yenye makala machache, na juu ya kifuniko ninapanga makala mengi yanayowaka. Sheria yangu ni hii: moto wa juu ni bwana, moto wa chini ni mutumishi.

Leo nilipika gratin ya maharagi, boga na bilinganya. Dada yangu Joëlle alijaza bakuli akaenda nayo kazini. Anauza kwenye duka la misumari na rangi kule mjini. Tangu baba alikufa ni yeye anatulisha, mama na mimi. Lakini kupika! Yaya Joëlle akichemsha maji, yanaungua.

13 Januari

Bakuli lilirudi safi kuliko lilivyotoka kabatini. Aliyelisafisha ni Rémy, fundi wa mota za umeme, jirani wa duka lao. Ana masikio makubwa, angeweza kusikia misa ya Kapolowe akiwa Likasi.

"Aliuliza nani alipika," Joëlle akasema.

"Ukamuambia ni chef Hervé?"

"Nilicheka tu. Akajijibu mwenyewe."

Na yeye akacheka tena, pale pale, peke yake, akiangalia bakuli tupu. Sikumuona hivyo tangu siku nyingi.

19 Januari

Mvua.

25 Januari

Rémy alikuja kusalimia mama baada ya misa. Viatu vyake vilikuwa vinang'aa hata kuku wetu alijitazama. Alikaa pembeni ya kiti kama mutu anayeogopa kukiumiza. Mama yangu, Mama Philomène, alimupa fanta yetu ya mwisho, ile aliyoniambia ni ya wagonjwa.

Ninaelewa furaha ya mama. Joëlle ana miaka thelathini na moja. Muchumba wa kwanza alikwenda Kolwezi "kutafuta kidogo", mpaka leo angali anatafuta. Watu wa kanisa walianza kumuita "mama" bila mutoto, kwa heshima ile inayochoma.

8 Februari

Habari kubwa. Mama yake Rémy, Mama Delphine, ametuma neno. Familia yao ni ya Kasai, babu yao aliletwa huku kwa kazi ya mgodi, na Mama Delphine mwenyewe ni mutu wa misa ya kila asubuhi. Ana desturi yake: hakuna wajomba kutumwa kuzungumuza mahari kabla yeye hajakaa nyumbani kwa binti na kula kitu kilichotoka kwa mukono wa huyo binti. Mukono wake, si wa mama, si wa shangazi. Anasema mutu anaweza kujificha nyuma ya maneno lakini hawezi kujificha nyuma ya sufuria.

Na Kwaresima nzima ameahidi Mungu kutogusa nyama. Basi amechagua mwenyewe: "Ile gratin ya maharagi ambayo mutoto wangu anaimba kila siku, njo nitakula." Tarehe kumi na nne ya Machi.

Joëlle alikaa chini kabisa, kwenye saruji.

"Hervé, unifundishe."

"Uniite chef kwanza."

"Chef, unifundishe."

"Piga magoti kidogo, nione unyenyekevu."

Aliokota fagio. Nilikimbia mpaka kwa kina Merdi, rafiki yangu, nikicheka njia nzima.

15 Februari

Somo la kwanza. Alipanga maharagi kwenye sinia kabla hayajaiva, akifikiri moto wa juu utamaliza kazi. Moto wa juu haumalizi kazi ya mutu mwingine. Tulitafuna changarawe. Mama alisema, "Si mbaya," akaenda kutema nyuma ya nyumba. Nilisikia.

18 Februari, Jumatano ya majivu

Padri alitupaka majivu. Nilimuambia Joëlle yeye hana haja, majivu yake anayo tayari kutoka jikoni. Mama alinipiga na chapleti yake ya rozari.

22 Februari

Somo la pili. Alifunua kifuniko kama mutu anayefungua dirisha, makala yote yakaanguka ndani ya mchuzi mweupe. Fshhh. Nilianguka kwa kucheka. Yeye hakucheka. Alitoa makala moja moja kwa vidole, akijipuliza, na alipomaliza aliuliza, "Boni, haya. Sasa tunaanza wapi tena?"

1 Machi

Mvua tangu asubuhi. Somo la tatu: maji. Gratin ilitoka kama supu ya wagonjwa. Wakati wa mvua mboga zinakunywa sana, bilinganya inakuwa kama sifongo. Dawa yake ninaijua: unakata, unatia chumvi, unaacha, unakamua mpaka machozi ya mwisho. Masista walifanya hivyo.

Aliniuliza, "Hii maji inatoka wapi, Hervé?"

Nikasema, "Inatoka mbinguni, yaya."

Sikumuambia. Chef hatoi funguo zote za nyumba.

6 Machi

Joëlle anarudi kazini, anavua viatu, anawasha mbabula. Anajaribu na majani ya lengalenga, anajaribu na boga tupu. Anakula makosa yake mwenyewe akiwa amesimama ili mama asiyaone. Mikono yake imejaa alama. Nilimuimbia wimbo wa wazimamoto niliomutungia. Hakugeuka.

10 Machi

Ameshindwa. Alikuja nyuma ya nyumba nikiwa ninapanga makala kavu chini ya bati.

"Pika weye," akasema. "Minye nitaandaa meza. Mungu atanisamehe."

"Mungu na Mama Delphine."

"Hervé, nakuomba. Usinichekeshe leo." Akakaa juu ya gunia. "Unajua kwa nini sijui kupika? Siku baba alikufa nilikuwa na miaka kumi na saba. Mama alilala kitandani mwaka muzima. Asubuhi nilienda kutafuta, jioni nilikuta majirani wamepika, mumeshakula. Hakuna mutu alinibakizia jiko."

Nilikaa karibu yake. Nikamuambia nitapika gratin ambayo itamufanya Mama Delphine aombe kuolewa yeye.

14 Machi

Nitaandika yote, ili watu wasibadilishe.

Mvua ilianza kabla ya saa sita. Makala yetu yalikuwa yameloana kwa kuwa bati lilihama na upepo, basi nilikwenda kutafuta makavu kwa kina Merdi. Mvua ikanishika kule. Mama alikuwa amekwenda kumuleta Baba mukubwa Fidèle, kaka ya marehemu baba, juu ugeni kama huu hauwezi kukaa bila mwanaume wa familia. Boni. Kwa saa yake gratin ilikuwa imeiva na ilikuwa mezani. Hiyo ndiyo muhimu.

Walikuja wawili, Mama Delphine na Rémy, chini ya mwavuli mumoja mweusi. Mama Delphine ni mufupi, ana miwani na mukoba anaoshika kwa mikono miwili hata akiwa amekaa. Alisali. Alichukua kijiko. Ganda lilipasuka, na moshi ule mutamu ukatoka. Alikula akiangalia sahani tu. Baba mukubwa alianza hadithi ya mvua ya zamani, hakuna aliyemusikiliza. Mama Delphine akanyoosha sahani mara ya pili.

Halafu akaweka mukono juu ya mukono wa Joëlle.

"Mwanangu, minye nilikuya hapa na moyo mugumu. Nilikuwa nasema, binti wa duka, atamupikia nini mutoto wangu? Leo nimeona. Hata Mungu akiniita kesho, Rémy hatalala njala. Ku wajomba nitasema beko na kazi ya kuanza, ile ya mahari."

Mama alipiga vigelegele. Rémy masikio yalikuwa mekundu. Alimuangalia Joëlle kama watu wanavyoangalia Sakramenti, na Joëlle aliinamisha kichwa, akashika ukingo wa meza.

Na mimi nilikuwa nimesimama mulangoni na shati imeloana, sijapewa hata kiti. Hakuna aliyeuliza huyu kijana ni nani.

Nikasema, "Mama, ule mukono unashika haujapika kitu. Njo minye nilipika."

Mama Delphine akaondoa mukono. Mvua ilipiga juu ya bati.

"Unasema nini, mutoto?" Mama Delphine akauliza.

"Yaya hajui hata kuwasha mbabula. Uliza mama yangu."

Mama yangu aliangalia saruji. Tangu tarehe kumi alijua mapatano yetu. Joëlle akainua kichwa, akasema polepole, "Hapana, Mama. Hii ya leo ni yangu."

Baba mukubwa alicheka kidogo, kucheka kwa haya.

Rémy akauliza, "Ya leo. Na ile ya Januari? Ile uliniletea ku kazi?"

Angeweza kudanganya. Alisema, "Ile ilikuwa ya Hervé."

"Ulinicheka, basi."

"Sikukucheka. Nilikuwa na furaha."

Mama Delphine akaweka kijiko chini, taratibu sana, sambamba na kisu. "Muntu anadanganya na chakula," akasema, "kesho atadanganya na nini?" Alisimama, akamushukuru mama, akamushukuru hata Baba mukubwa. "Nimekula muzuri. Merci." Wakatoka ndani ya mvua bila kuchukua mwavuli wao.

Sasa, mimi kosa langu ni lipi? Watu walitaka kujua mukono wa nani, nikawaambia. Padri anasema ukweli unaweka huru.

15 Machi

Joëlle alikwenda misa ya kwanza, peke yake. Mama hasemi na mimi.

16 Machi

Mvua.

17 Machi

Mvua. Mwavuli wa Rémy ungali mulangoni. Unavuja maji bado, au ninaona mimi tu.

21 Machi

Nimefikiri na nimeona makosa ni ya nani. Ya kwanza ni ya Mama Delphine: nani anapima mutu kwa maharagi? Ya pili ni ya mvua. Bila mvua makala yangekuwa makavu na mimi nisingetoka. Ya tatu ni ya Joëlle, aliyecheka mwezi wa kwanza pale alipotakiwa kujibu. Mimi niko mbali kwenye orodha.

Nilimuelezea mama. Alikuwa anachambua lengalenga. Akasema, "Umemaliza?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Niletee maji."

25 Machi

Jioni Joëlle alirudi, akavua viatu, akakaa. Hakuwasha mbabula. Nilimuwekea bukari, ule ugali wetu, na samaki. Alikula yote, akasema asante kama mutu anayekula kwa watu.

Ningefurahi angenitukana.

28 Machi

Mama alinituma kurudisha mwavuli. Nilimukuta Rémy amekaa kati ya mota zilizofunguliwa matumbo, nyaya nyekundu kila mahali. Nilifikiri atanifukuza. Alifuta kiti.

"Mama yako eko muzima?"

"Eko muzima."

"Na yeye?"

"Anatumika."

Alizungusha nyaya kwenye kidole. "Hervé, sikia. Minye, mutu kujua kupika ao kutojua, haiko na mambo. Minye mwenyewe napika. Angenipikia mawe, ningetafuna. Hata ile ya Januari ningesamehe kabla ya kufika mulango. Lakini aliniangalia ndani ya macho, akasema, 'Hii ya leo ni yangu.' Kila mutu pale alijua. Na bado alisema. Hiyo njo ilinishinda. Baba yangu alikuwa hivyo, anadanganya na uso musafi. Mama aliteseka naye mpaka mwisho."

Nilikuwa nimeshika mwavuli. Nikamupa. Nikasema, "Mvua itaisha karibu."

Akasema, "Ndiyo."

Kumbe masikio yake si makubwa sana.

3 Aprili, Ijumaa kuu

Njia ya Musalaba. Kituo cha Petro na jogoo, Joëlle alikuwa mbele yangu. Niliangalia mikono yake nyuma ya mugongo. Alama za moto zinaanza kupotea.

5 Aprili

Pasaka. Mama alichinja kuku. Kiti kimoja kilikuwa cha ziada mezani, hakuna aliyekitoa. Wanasema Rémy amepata kazi Lubumbashi na atahama mwisho wa mwezi.

7 Aprili

Leo hakuna mvua.

18 Aprili

Mvua imekwisha kabisa. Vumbi la kwanza limeanza kupanda barabarani, na makala ya Kapolowe yanakuja kwa kinga, baiskeli za wachuuzi, makavu, yanalia kama chuma. Hakuna cha kusingizia tena.

Asubuhi nilipika gratin. Nilitaka kupika ile ya tarehe kumi na nne, yenye lile ganda. Nilikamua bilinganya, nilipanga moto, bwana juu, mutumishi chini. Ilitoka nzuri, kama zangu zote. Haikuwa ile. Ganda la ile lilikuwa na harufu nyingine, labda karanga, labda kitu cha kukaushwa, sijui. Na chini hapakuwa na tone la maji.

Nilikwenda kwa Joëlle, alikuwa anafua.

"Yaya, ile ya Mama Delphine, juu ulitia nini?"

Hakuacha kufua. "Unaniuliza minye? Uliza ule aliyepika. Alijitaja mbele ya batu bote."

"Yaya..."

"Jua linaenda, Hervé. Nataka hii nguo ikauke."

Basi niandike. Ile siku sikukwenda kutafuta makala tu. Nilikwenda, makala nilipata mara moja, lakini kwa kina Merdi kulikuwa mupira kwenye televisheni na umeme ulikuwepo, nikakaa. Nilijiambia mvua imenishika. Niliporudi na gunia langu kichwani, wageni walikuwa wanafuta viatu mulangoni. Nilipita nyuma. Joëlle alikuwa jikoni, ana masizi kwenye paji la uso, na sufuria ilikuwa chini, kifuniko kimeshatolewa. Aliningojea, sikuja, akawasha makala yaliyoloana kwa kupuliza na kitambaa cha kichwa chake, akapika. Alipata dawa ya maji mwenyewe, ile niliyomuficha. Aliniambia kwa sauti ndogo, na macho yalikuwa yanang'aa: "Hervé, nimeweza. Onja hapa pembeni, uniambie."

Sikumuambia kitu. Nilikwenda kusimama mulangoni.

Jana nilikwenda kwa Rémy. Alikuwa anafunga vyombo kwenye sanduku. Nilimuambia yote, zaidi kuliko nilivyoandika hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka mukono kwenye bega langu.

"Weye ni ndugu muzuri," akasema. "Ni yeye alikutuma?"

"Hapana! Naapa mbele ya Mungu."

"Hata ile siku, kama mama yangu angekuambia uape, ungeapa." Hakusema kwa hasira. "Umusalimie."

Sikumusalimia. Ningemuambia nini, kwamba siku nimesema kweli ya kwanza, imeonekana kama uongo wake mwingine?

Gratin ya tarehe kumi na nne ni yake, tangu kuchagua maharagi mpaka ganda. Mimi hata chumvi sikutia. Nilionja pale pembeni kama alivyoniomba, na ilikuwa tamu kupita zote nilizowahi kupika, hata zile za kujisifu. Mbele ya Mama Delphine kazi yangu ilikuwa moja tu, kunyamaza. Nikashindwa.